Kocha wa futboli ya chuo Marekani anahesabiwa amefanikiwa lini? Jibu kwa dada wa Minnesota

Dada mmoja aliyeko Minnesota kaniandikia, nafupisha. Kijana wake ana miaka 26, huu mwaka wa pili yuko kwenye timu ya futboli ya Kimarekani ya chuo kikubwa kama msaidizi mdogo, kazi yake kukata video za mechi, kupanga mazoezi, kutumwa huku na kule, na malipo ni kusomeshwa shahada ya pili plus posho kidogo. Sasa kuna chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu kimemwita akawe kocha wa mashambulizi. Kijana anataka kwenda, baba yake anasema huko ni kurudi nyuma. Dada anauliza: "Hivi kwenye hii kazi mtu anahesabiwa amefanikiwa kwa kitu gani? Makombe, hela, au kitu gani? Sisi tumekulia kwenye mpira wa miguu, hatujui hata tumpongeze kwa lipi na tumwonee huruma kwa lipi."

Dada yangu, asante kwa swali, naomba univumilie jibu litakuwa refu maana hata Wamarekani wenyewe hili wanabishana mpaka usiku wa manane. Mi nimekaa miaka mingi kwenye idara ya michezo ya chuo, upande wa masomo ya wachezaji, nimeona makocha wanakuja na mabegi na wanaondoka na mabegi, na msimamo wangu nautoa hapahapa mwanzoni ili usinisubiri: kocha wa chuo mpime kwa hali aliyoikuta na hali aliyoiacha, afu angalia watu waliopita mikononi mwake wako wapi leo. Mechi alizoshinda zina uzito ndio, tena mkubwa, ila kazi yake kubwa ni kumwachia ajira, na kubaki na ajira ni kitu kimoja, kufanikiwa ni kitu kingine.

Tuanze na makombe maana ndo kila mtu anakotaka kuanzia. Divisheni ya juu kabisa ina timu zaidi ya 130 na bingwa wa taifa ni mmoja kwa msimu, sasa piga hesabu mwenyewe, makocha zaidi ya 130 wanaanza mazoezi mwezi wa nane kila mmoja ana ndoto ileile na ikifika mwezi wa kwanza anabeba mmoja tu. Kocha Nick Saban alibeba mara 7, mara moja akiwa chuo cha LSU kule Louisiana msimu wa 2003 na mara sita akiwa Alabama, ya mwisho msimu wa 2020, kastaafu Januari 2024. Ukimfanya huyo ndo kipimo basi umesema kazi nzima imejaa watu walioshindwa, na mi hicho kipimo nakikataa kwasababu hakikwambii chochote kuhusu hao wengine wote. Tena Saban huyohuyo alienda ligi ya kulipwa, Miami Dolphins, 2005 na 2006, akashinda mechi 15 akapoteza 17. Akili ni ileile, nidhamu ileile, kiti ndo kilikuwa kingine.

Na kombe halikulindi. Gene Chizik aliipa Auburn ubingwa wa taifa msimu wa 2010 bila kupoteza mechi hata moja, msimu wa 2012 kashinda 3 kapoteza 9, wakamtimua. Ed Orgeron msimu wa 2019 na LSU alicheza mechi 15 akashinda zote 15, watu wengi wanaihesabu kati ya timu bora kabisa kuwahi kutokea kwenye vyuo, na Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba anaondoka. Hata miaka miwili haikutimia toka ainue kombe! Kwahiyo mtu akikwambia mafanikio ni kombe muulize na hawa tunawaweka wapi.

Hela je? Dada, hela kwenye hii kazi inachanganya kuliko kitu chochote. Majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote sio gavana wala daktari wa hospitali ya chuo, ni kocha wa futboli au wa basketi. Jimbo Fisher alishakuwa bingwa na Florida State msimu wa 2013, Texas A&M wakamchukua mwisho wa 2017 kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 75, baadae wakauongeza, na Novemba 2023 wakamfukuza huku wakiwa wanadaiwa kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke tu. Alilipwa kuondoka hela ambazo kuna vyuo vidogo vinaendeshea mwaka mzima. Sasa hiyo utaiita mafanikio ya kazi? Mfuko umejaa sikatai, na familia yake iko salama, lakini ukimuuliza kocha yeyote usiku akiwa peke yake na video zake atakwambia hakuingia kwenye hii kazi ili alipwe kukaa nyumbani. Mshahara unakuonyesha chuo kilivyokuwa kinamhitaji siku ile ya kusaini, basi.

Kuna kipimo kingine watu wa nje hawakioni na wewe uliyekulia kwenye mpira wetu utakielewa haraka, watani wa jadi. Ohio State na Michigan ni Simba na Yanga kabisa, mwaka mzima unaweza kwenda vizuri ila ukimfunga mtani umepona na ukifungwa umekwisha. John Cooper alikaa Ohio State toka 1988 mpaka msimu wa 2000, akashinda mechi 111, kocha mzuri kwa kila hesabu, ila kwa Michigan alishinda 2 akatoka sare 1 akapoteza 10. Mwaka 1995 Ohio State walienda kwenye ile mechi wameshinda zote 11 walizocheza, ni wa pili kwa ubora nchi nzima, na aliyewamaliza ni kijana mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Canada, Tshimanga Biakabutuka, alikimbia na mpira yadi 313 mechi moja, Michigan wakashinda 31 kwa 23. Yadi 313! Wapenzi wa Ohio State wenye umri wangu jina lile la Kikongo hawajalisahau mpaka leo. Cooper akafukuzwa Januari 2001. Na 2008 huyohuyo Cooper akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la futboli ya vyuo, yani chuo kilimwona hafai na historia ikamwona anafaa, na mi naamini historia ndo ilikuwa na macho.

Ryan Day wa hapohapo Ohio State yamemkuta yaleyale juzi tu, Novemba 2024 kafungwa nyumbani 13 kwa 10 na Michigan iliyokuwa inasuasua, mara ya nne mfululizo, watu wakataka aondoke, afu wiki saba baadae akabeba ubingwa wa taifa. Kama wangemfukuza jumamosi ile? Ndo maana nasema hukumu ya wiki moja ni kelele.

Sasa nije kwa mtu ambaye mi nikiambiwa nitoe mfano mmoja tu wa kocha wa chuo aliyefanikiwa simung'unyi maneno, Bill Snyder wa Kansas State. Alipoingia kama kocha mkuu kwa msimu wa 1989 ile timu ilikuwa na mechi 27 haijashinda hata moja. Elewa hapo dada, kuna vijana walisoma pale, wakavaa jezi ya chuo, na ushindi wanausikia kwa wengine tu. Ilikuwa ndo timu ya kwanza ya divisheni ya juu kufikisha mechi 500 za kupoteza, uwanja hauna watu, wenye uwezo hawatoi hela, vijana wazuri wa mtaani kwenyewe wanaenda kucheza majimbo ya jirani. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 1 akapoteza 10, kwenye karatasi ni aibu, ila ile moja watu wa Manhattan, Kansas (ndio, kuna Manhattan nyingine huko kwenye mashamba ya ngano) wanaisimulia mpaka kesho. Taratibu akajenga, hakukimbilia mechi ngumu za mapema, akawa anachukua vijana kutoka vyuo vya miaka miwili ambao wengine waliwapita, anaangalia kila kitu mpaka chakula cha wachezaji, na 1998 timu ileile ikamaliza msimu wa kawaida imeshinda mechi zote 11 ikapanda mpaka namba moja kwenye orodha ya ubora ya nchi nzima. Fainali ya konferensi (yani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja) wakafungwa na Texas A&M 36 kwa 33 kwenye muda wa ziada, ndoto ya ubingwa wa taifa msimu ule ikaishia pale. 2003 akawafunga Oklahoma 35 kwa 7 wakachukua ubingwa wa konferensi ya Big 12. Kastaafu 2005, mambo yakaanza kulegea, wakamwomba arudi 2009 na akarudi, akakaa mpaka 2018, jumla ushindi 215. Uwanja una jina lake na yeye mwenyewe ndo alitaka liwekwe neno familia, Uwanja wa Familia ya Bill Snyder. Ubingwa wa taifa: sifuri. Mi nikimlinganisha na kocha aliyekuta gari liko kwenye spidi akabeba kombe moja afu miaka miwili baadae timu imeoza, sioni hata cha kujadili.

Upande wa pili kuna Nebraska, na hii naisema kwa uchungu. Tom Osborne alikaa pale toka 1973 mpaka 1997, misimu 25, kila msimu alishinda mechi zisizopungua 9, kila msimu! Januari 1984 kwenye Orange Bowl, moja ya mechi kubwa za kufunga msimu, dhidi ya Miami timu yake ilifunga dakika ya mwisho, ikawa amebakisha pointi moja, angepiga teke rahisi ingekuwa sare na ubingwa wa taifa karibu wangempa yeye maana alikuwa hajapoteza, akakataa, akajaribu pointi mbili ili ashinde kabisa, mpira ukaguswa ukadondoka, akafungwa 31 kwa 30. Akasubiri kombe la kwanza zaidi ya miaka 10 baada ya hapo, lilikuja msimu wa 1994, akaongeza la 1995 na la 1997. Kwangu ile usiku aliyofungwa inamweleza kuliko makombe yote matatu. Aliyemrithi, Frank Solich, alifukuzwa 2003 akiwa ameshinda 9 kapoteza 3 kwenye msimu wa kawaida, wakasema chuo hakiwezi kuridhika na hali ya kawaida. Haya, Nebraska ilikuwa imechukua ubingwa wa konferensi 1999 chini ya Solich, na toka hapo mpaka leo haijachukua tena. Mechi 9 walizozidharau wameziota miaka mingi sana. Solich akaenda chuo cha Ohio, sio Ohio State, akakaa misimu 16 bila makelele na watu wa kule wanamheshimu mno.

Dada, sasa nikupe wawili ambao nataka shemeji awasikie vizuri, maana hawa ndo wanamjibu yeye.

Wa kwanza Eddie Robinson. Mwaka 1941, akiwa na miaka 22, alianza kufundisha chuo kidogo cha watu weusi kule Grambling, Louisiana, wakati ambao vyuo vikubwa vya kusini havimchukui kijana mweusi hata awe na mbio za swala. Hakukuwa na bajeti ya maana, alikuwa anakata nyasi za uwanja mwenyewe, anawafunga bandeji wachezaji, na mechi ikiisha anaandika mwenyewe ripoti ya gazeti. Alikaa palepale mpaka 1997 na kufikisha ushindi 408. Alipeleka zaidi ya vijana 200 kwenye ligi ya kulipwa ya NFL, akianza na Tank Younger 1949 ambaye ndo wa kwanza kabisa kutoka chuo cha watu weusi kuingia kule, na mmoja wao Doug Williams Januari 1988 akawa kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa kwanza mweusi kuanza na kushinda Super Bowl, fainali ya NFL, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Robinson alipostaafu aliyekuja kukaa kwenye kiti chake ni huyohuyo Doug Williams. Mwanafunzi wako karudi kushika kazi yako kwa mapenzi wakati angeweza kukaa kokote, sijui kama kuna cheti kinachozidi hicho.

Wa pili ni wa hukohuko kwenu Minnesota, John Gagliardi. Ukiendesha kutoka Minneapolis ukaipita St. Cloud kidogo unafika Collegeville, kuna chuo cha Wakatoliki kinaitwa Saint John's, Divisheni ya Tatu kabisa, yani hiyohiyo kijana wako aliyoitiwa, divisheni ambayo hakuna skolashipu ya michezo hata senti. Gagliardi alianza kufundisha akiwa na miaka 16, timu ya sekondari yake Colorado baada ya kocha wao kuitwa vitani, akafika Saint John's 1953 na hakutoka mpaka 2012, misimu 60. Mazoezini kwake marufuku kuangushana, hakuna filimbi, hakuna kufokeana, mazoezi hayazidi saa moja na nusu, na wachezaji hawamwiti kocha, wanamwita John. Watu walimshangaa, mchezo wa kugongana utafundishaje bila kugongana? Ubingwa wa taifa mara 4, wa mwisho 2003, na mwaka huohuo wa 2003 akaipita rekodi ya Robinson, akaja kumalizia na ushindi 489, hakuna kocha wa futboli ya chuo wa divisheni yoyote aliyewahi kushinda mechi nyingi hivyo. Kwahiyo anayeongoza kwa ushindi kwenye historia nzima ya hii kazi hakufundisha Alabama wala Ohio State, alifundisha vijana wanaolipa ada zao, wengi wao baada ya pale ni wahasibu, walimu, madaktari, na leo mchezaji bora wa Divisheni ya Tatu kila mwaka anapewa tuzo yenye jina lake. Shemeji anaposema Divisheni ya Tatu ni kurudi nyuma, mwambie siku mkiwa na nafasi mwende mkauone ule uwanja ulivyozungukwa na miti, sio mbali na mnapokaa.

Kuna jambo la ukoo pia, makocha wanalichukulia kwa uzito sana. Hayden Fry wa Iowa hakuwahi kubeba ubingwa wa taifa ila angalia waliokaa naye benchi moja: Bill Snyder niliyemsimulia hapo juu, Barry Alvarez aliyeinyanyua Wisconsin, Bob Stoops aliyeipa Oklahoma ubingwa wa taifa msimu wa 2000, na Kirk Ferentz aliyemrithi hapohapo Iowa 1999 na bado yupo. Huyo Ferentz nae hana ubingwa wa taifa, ila 2025 alimpita Woody Hayes, kocha wa zamani wa Ohio State, kwa ushindi mwingi kwenye konferensi ya Big Ten. Na Mike Leach, huyu hakucheza futboli ya chuo kabisa, alisomea sheria, akaanza ukocha kwenye vyuo ambavyo hata Wamarekani hawavijui, akafika mpaka Finland kufundisha kule, afu pale Iowa Wesleyan yeye na Hal Mumme wakatengeneza ule mchezo wa kurusha mpira kila saa ambao leo umeenea kila mahali mpaka NFL. Leach alifariki Desemba 2022. Jumba la Heshima lilikuwa linataka kocha awe ameshinda asilimia 60 ya mechi, yeye alikuwa na 59.6, hivyo mtu aliyebadilisha mchezo mzima hakuwa na sifa ya kuingia kwa tofauti ya asilimia 0.4 tu. 2025 wakatangaza kushusha kiwango mpaka 59.5 kuanzia 2027. Wamefanya vizuri na wamechelewa.

Nikiongea mafanikio siwezi kuruka Joe Paterno. Penn State, kocha mkuu toka 1966 mpaka 2011, ushindi 409, sifa za kusomesha wachezaji, maktaba ina jina lake, na ndani ya miaka hiyo msaidizi wake Jerry Sandusky alikuwa anawaharibu watoto. Sandusky alikutwa na hatia ya makosa 45 mwaka 2012. Paterno alifukuzwa Novemba 2011, ushindi 111 ukafutwa, 2015 ukarudishwa kwenye vitabu, na mi naona ule ubishi wote wa kufuta na kurudisha namba ulikuwa aibu kwasababu waliokuwa wanatakiwa kuzungumzwa ni wale watoto. Mzazi yeyote anapoleta mwanae chuoni anamkabidhi kocha binadamu, na kocha akishindwa hapo hakuna hesabu ya mechi inayoweza kusawazisha. Hili mwambie kijana wako wewe mama yake, sio mtu mwingine.

Kwenye upande wangu wa masomo kuna alama inaitwa APR, kila timu inapimwa kama wachezaji wanabaki shule na wanafaulu, kamili ni 1000 na timu ikishuka chini ya 930 inaweza kuzuiwa kucheza mechi za baada ya msimu. Ni kipimo kizuri lakini mi nilikuwa naangalia kitu kidogo zaidi, kijana akivunjika goti na mguu hautarudi tena kama zamani, kocha anamwangaliaje kesho yake? Wapo makocha wanampita kwenye korido kama hawamjui. Na wapo wanaomwambia njoo ofisini utusaidie kukata video, skolashipu yako ipo mpaka umalize. Hao wa pili ndo ukienda kwenye harusi za wachezaji wao wa zamani unawakuta meza ya mbele.

Sasa hivi kazi imekuwa ngumu kuliko enzi za kina Osborne. Toka 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuingiza hela kwa majina yao na kuhama chuo ni rahisi, na kuanzia msimu wa 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wachezaji hela, mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote. Kocha aliyekuwa anamlea kijana miaka minne sasa anaweza kumpoteza baada ya mwaka mmoja na hakuna wa kulaumiwa. Kumwona mtu "amejenga timu" itabidi macho yetu yazoee vipimo vipya.

Na kwa kijana mweusi kuna ngazi ya ziada, wewe unajua. Willie Jeffries alikuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi kwenye chuo cha wazungu wengi cha divisheni ya juu, Wichita State, 1979. Konferensi ya SEC, ile ya vyuo vya kusini, imeanzishwa 1932 na kocha mkuu wa kwanza mweusi alianza msimu wa 2004, Sylvester Croom wa Mississippi State. Januari 2025 Marcus Freeman wa Notre Dame ndo akawa wa kwanza mweusi kuifikisha timu fainali ya taifa, akafungwa na yule Ryan Day. Croom alipewa kiti kigumu, msimu wa 2007 akashinda 8 akawa kocha bora wa konferensi, msimu uliofuata 4 na akaondoka. Sikuandikii hivi kukutisha. Nakwambia ili mjue mwanenu asipokuja kuwa kocha mkuu sio lazima iwe hakujitahidi, na kwamba kocha msaidizi aliyefanya kazi miaka 30 na vijana wanampigia simu mpaka wanaoa na kuzaa, huyo amefanikiwa na msimhesabie kwamba aliishia njiani.

Na afya nayo. Bear Bryant alifundisha mechi yake ya mwisho Alabama mwisho wa Desemba 1982 na hata mwezi haukuisha akafariki, miaka 69. Chris Petersen aliyeipandisha Boise State na kuifikisha Washington kwenye mtoano wa taifa aliachia kazi 2019 akiwa na miaka 55, hajafukuzwa, haumwi, alichoka akasema basi. Wengi walimwona wa ajabu. Mi namweka juu sana kwenye orodha yangu.

Sasa turudi kwa kijana. Kwanza mpongezeni kwa kuitwa. Kwenye hii kazi hakuna anayemwita msaidizi wa miaka 26 kuendesha mashambulizi kama hakuna mtu mzima mahali fulani aliyepiga simu akasema huyu dogo anajua, na hilo peke yake ni cheti. Pili, shemeji anaona jina la chuo linapungua, ila aangalie kazi yenyewe. Pale alipo anabonyeza kompyuta, huko anakoitwa yeye ndo atachagua mchezo gani uchezwe mpira ukiwa mkononi na dakika mbili zimebaki, na ukocha mtu anaujifunza hapo.

Mwelezeni shemeji habari ya Curt Cignetti. Huyu alikuwa msaidizi wa Saban pale Alabama, alikuwepo msimu wa 2009 walipobeba, kazi ambayo kila mtu anaililia. 2011, anakaribia miaka 50, akaondoka kwa mshahara mdogo zaidi kwenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha Divisheni ya Pili kinaitwa IUP, Pennsylvania, kwasababu alitaka timu iwe yake. Kutoka hapo akaenda Elon, akaenda James Madison, akashinda kila alipokaa, na mwisho wa 2023 akiwa na miaka 62 akachukuliwa na chuo cha Indiana, timu iliyokuwa imepoteza mechi nyingi kuliko zote kwenye divisheni ya juu na haijawahi kufikisha ushindi 10 kwenye msimu mmoja toka dunia iumbwe. Msimu wake wa kwanza, 2024, kashinda 11. Msimu wa 2025 kashinda zote 16 na Januari 2026 Indiana ikawa bingwa wa taifa. Wale waliosema 2011 kwamba anarudi nyuma walikuwa wanaangalia nembo ya kwenye fulana.

Kwahiyo ushauri wangu aende, ila kabla hajasaini aulize mambo haya na majibu ayapate kwa maandishi. Je ni yeye kweli anayechagua michezo siku ya mechi au kocha mkuu atamwingilia? Mshahara ni wa miezi 12 au 10, maana vyuo vidogo vingi vinakata kiangazi? Bima ya afya inaanza lini? Atatakiwa kuleta wanafunzi wangapi kwa mwaka, kwasababu vyuo vidogo vingi vinatumia timu ya futboli kujaza madarasa na wanaolipa ada, na hilo jukumu linamdondokea msaidizi? Atafundisha darasa pia, atasimamia gym? Kuna nyumba ya chuo au ajipangishie? Na amalize kwanza shahada yake ya pili, kama imebaki muhula mmoja awaombe wamsubiri mpaka mwezi wa tano, wakimtaka kweli watasubiri. Mwisho atafute namba za wachezaji wawili watatu waliomaliza pale chini ya huyo kocha mkuu awapigie mwenyewe, asiongee nao kuhusu mechi, awaulize tu walipoumia au walipofeli somo ni nani alikuja kugonga mlango.